Matofali Mawili

Mume wangu ni fundi wa pampu.
Kule juu ya Calama, ambako mvua ni habari ya kusimuliwa,
wanarundika mawe yaliyosagwa hadi yawe kilima,
kisha wanayanywesha tindikali, tone kwa tone,
mchana na usiku, kwa mipira myembamba kama mishipa,
mpaka mawe yaikohoe shaba.
Nolberto ndiye anayehakikisha matone hayakatiki.

Miaka kumi na tisa hajaungua hata kidole.
Glovu, miwani, buti, aproni ya mpira:
tindikali ya kampuni haikuwahi kumgusa.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chake kilikuwa ndani zaidi.

Kilianza kama kiungulia cha Jumapili,
tukakisingizia kitunguu.
Mama yake akaleta majani ya boldo,
mimi nikakoroga magadi kwenye maji,
akacheua kwa kishindo, tukacheka, tukalala.
Mwezi uliofuata alikuwa analala ameketi
kama abiria wa basi la usiku,
na asubuhi mto wake ulinuka siki.

Wala hakuniambia habari za vidonge vya mgongo,
vile vyekundu wanavyogawiana kwenye zamu
kama watu wengine wanavyogawiana peremende.
Alivimeza kwa kahawa, tumbo tupu, saa kumi alfajiri.
Nilivikuta ndani ya soksi.

Siku alipopata choo cheusi kama lami
aliniita kutoka msalani kwa jina langu lote,
Zunilda del Carmen,
jina litumiwalo na benki, na hofu.

Daktari Ormazábal akamshusha mpira wenye taa kooni,
akatuonyesha picha:
kidonda, katikati cheupe, ukingo mwekundu,
si kikubwa kuliko kifungo cha shati.
Nilikitazama kama mpangaji
ambaye hakuna aliyempa ufunguo.

“Ukutani mwa tumbo,” akasema, “kuna pampu.
Ndogo mno, hazihesabiki. Ndizo zinazotoa tindikali.
Kapsuli hii inazifunga.”
Nolberto akainuka kidogo kitini.
Kwa mara ya kwanza wiki ile macho yake yalipata kazi.
Zinafungwa zote? Kwa muda gani?
Na nani anaziwasha tena?
Daktari akacheka, kisha akaacha,
maana mgonjwa alikuwa ametoa kalamu.

Si zote. Zile zilizoamka tu.
Ndiyo maana uimeze nusu saa kabla ya kula,
ikazisubiri mlangoni.
Na kila siku mwili hujenga nyingine.

Basi nyumbani kwetu asubuhi ina saa yake.
Kapsuli, nusu glasi ya maji, halafu dakika thelathini
ambazo hatukuwahi kuwa nazo.
Mkate unapoa. Ananieleza vali zilizoota kutu,
na mwanagenzi wake mzembe;
namweleza bei ya parachichi.
Miaka ishirini na sita ya ndoa, na tumeanza kuzungumza
kwa amri ya daktari.

Kitanda nimekiinua upande wa kichwa kwa matofali mawili.
Usiku nateleza taratibu hadi miguuni,
naamka nimejikunja kama paka.
Sijalalamika.

Wiki ya sita akajiona mzima,
akaziacha kapsuli ghafla bila kumuuliza mtu.
Siku ya tatu moto ulirudi pamoja na ndugu zake.
“Fundi mzima wewe,” nikamwambia,
“unafungua vali zote kwa mkupuo?”
Akainamisha kichwa. Hiyo aliielewa.

Sasa tunapunguza polepole: leo ndiyo, kesho hapana,
nimeandika kwenye kalenda ya duka la gesi.
Vya mgongo nimevitupa.
Soksi bado nazikagua.
Leo nimekuta peremende moja ya mnanaa,
na mnanaa daktari aliukataza.
Nimeila mwenyewe, nimesimama, kabla hajatoka kuoga.